Maswali na Majibu: Kuzuia Maambukizi katika Nyumba za Kutunzia Wazee

Katika Kaunti ya Kilifi wazee wengi hutunzwa na jamaa zao majumbani, lakini wapo pia wanaoishi pamoja vituoni, wakiwemo waliokimbia tuhuma za uchawi vijijini mwao. Majibu haya ni kwa ajili ya wanaowahudumia wazee wa aina hiyo mjini Malindi na pembezoni mwake.

Kwa nini ugonjwa huenea upesi wazee wanapoishi pamoja?

Wanashiriki vyumba, vyoo na vyombo, na wanahudumiwa na mikono ileile kuanzia alfajiri hadi usiku. Kinga ya mwili hupungua kadiri umri unavyosonga, ngozi huwa nyepesi kuchubuka, na baadhi yao wana kisukari, vidonda vya kulala au mpira wa mkojo, ambayo yote huwafungulia vimelea mlango.

Mimi hunawa mikono mara nyingi kwa siku. Je, haitoshi?

Kinachozingatiwa zaidi ni wakati wa kunawa kuliko idadi. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi mkubwa, kama kufunga kidonda, baada ya kugusa damu, mkojo au kinyesi, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, hata kama yeye mwenyewe hukumgusa. Kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60. Mtu aliyenawa vizuri kisha akajifuta kwa leso aliyojifunga tangu asubuhi ameurudisha uchafu mikononi, na aliyevaa glavu akawapitia wazee watatu bila kuzivua amewagawia vimelea akidhani anawakinga. Kutawadha nako, kwa kuwa ni kwa maji matupu, hakuchukui nafasi ya sabuni.

Maji ya kisima chetu ni ya chumvi na sabuni haitoi povu. Tufanyeje?

Ongezeni sabuni, ikiwezekana ya maji, na msugue kwa muda mrefu zaidi. Dawa ya mikono yenye spiriti inafaa mikono isipokuwa na uchafu unaoonekana, ila mzee akiharisha rudini kwenye maji na sabuni, kwa maana virusi vya noro, ambavyo huleta kuharisha, haviuliwi vyema na spiriti.

Tutajuaje kwamba mzee ameambukizwa, na mwili wake hauna joto?

Swali hili nalipa uzito kuliko yote. Kijana akipata kichomi hukohoa na kuwaka homa. Mzee huenda asikohoe sana wala asipande joto, bali akachanganyikiwa ghafla, akaanguka, akakataa uji, au akalala kutwa. Jamaa husema "ni uzee tu," na kauli hiyo humchelewesha kufika hospitali. Uzee haumbadilishi mtu kwa siku moja. Kwa hiyo pimeni joto la kila mzee akiwa mzima na muliandike. Likizidi kawaida yake kwa nyuzi 1.1 za Selsiasi hivi, mwiteni mhudumu wa afya, hata kama kipimo hicho kingekuwa kidogo kwa mtu mwingine. Anayekohoa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu.

Wazee wawili wanajikuna usiku. Tuwatibu hao tu?

Iwapo mhudumu wa afya amethibitisha kuwa ni upele wa wadudu wadogo wa ngozini (scabies), watibiwe wote waliogusana nao kwa siku moja, watunzaji wakiwemo, kwa sababu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Krimu ya permethrini hupakwa usiku kucha na kurudiwa baada ya siku 7 hivi. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto, na visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku kadhaa. Muwasho ukiendelea wiki chache baada ya tiba, hilo peke yake si dalili kwamba dawa imeshindwa.

Mgeni mwenye mafua akija kumwamkia babu, tumzuie?

Ndiyo, kwa upole. Aamkie kutoka mlangoni bila kubusu mkono, na arudi akipona.

Je, mzee anayeharisha atengwe?

Apewe chumba chake, choo au ndoo yake, na ikiwezekana mtunzaji mmoja kwa zamu, hadi zipite saa 48 tangu kuhara kukome. Madirisha yaachwe wazi upepo upite, anyweshwe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa kwa pakiti ya ORS, na mtu akae naye azungumze naye, kwa sababu mzee aliyeachwa peke yake husahau hata kunywa.