Mantra za Kihindu kabla ya kulala: dhana potofu na ukweli

Dhana: mantra yoyote inafaa kitandani.

Kila mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, ina saa yake. Gayatri, iliyomo katika Rigveda 3.62.10, kitabu kitakatifu cha kale cha Kihindu, humwelekea Savitr, mungu wa jua, na makao yake ni sandhya: alfajiri, adhuhuri na magharibi. Kwa saa ya kulala upo ubeti wa Kisanskriti unaotaja miungu na mashujaa watano: Rama, Skanda, Hanuman, Vainateya (yaani Garuda) na Vrikodara (yaani Bhima). Anayewakumbuka kila anapolala, ubeti unasema, ndoto mbaya humtoka. Upo pia wa kumwomba Shiva msamaha kwa makosa ya mikono na miguu, ulimi, masikio, macho na nia. Hizo ni sala za dakika moja. Anayetaka kuvuta uradi hasa, yaani japa, huchagua jina fupi kama Ram, au mantra fupi kama Om Namah Shivaya, na kubaki nalo. Kubadilisha mantra kila usiku ndiko kunakoharibu, maana ulimi hauzoei na akili hubaki macho ikitafuta neno linalofuata.

Dhana: bila shanga 108 haihesabiki.

Tasbihi ya Kihindu, mala, kwa kawaida ina shanga 108, lakini zipo za 54 na 27. Ile shanga ya pembeni, meru, haihesabiwi wala haivukwi: ukiifikia, geuza mala urudi ulikotoka. Mala hulala juu ya kidole cha kati, gumba likivuta, cha shahada kikiwekwa kando. Tatizo ni usingizi kukukuta nayo mkononi. Ukijigeuza, uzi unakatika na shanga zinatapakaa shukani.

Ukishalala, tumia vidole. Gumba la kulia lianzie pingili ya katikati ya kidole cha pete, lishuke ya chini, liende ya chini ya kidole kidogo, lipande mpaka ncha yake, kisha ncha ya kidole cha pete, ya cha kati, ya cha shahada, na kushuka mpaka pingili ya chini ya hicho cha shahada. Hapo ni 10. Pingili mbili za kidole cha kati zilizobaki ndizo meru, haziguswi. Kila kumi, kunja kidole kimoja cha kushoto. Vikiisha, vikunjue kimoja kimoja. Vikinyooka vyote ni 100, ongeza 8.

Dhana: sauti kubwa ina thawabu zaidi.

Manusmriti 2.85, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inasema kinyume: japa isiyosikika kwa jirani inazidi sadaka ya kawaida ya ibada (yajna) mara mia, na ya moyoni mara elfu. Ila ya moyoni ukiwa umechoka huteleza, na unashtukia uko kwenye hesabu za duka. Anza umekaa, midomo ikisogea bila sauti, kisha ulale na uendelee moyoni.

Dhana: mantra ni dawa ya kukosa usingizi.

Inachofanya ni kupunguza kasi ya pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika British Medical Journal, ukiwa na watu 23, ulikuta kwamba Salamu Maria kwa Kilatini na mantra ya Kibudha, Om mani padme hum, zote zilishusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika. Ukiharakisha ili utimize idadi, faida hiyo inapotea. Asiyelala wiki nzima aende hospitali.

Dhana: simu ikisoma usiku kucha, nimefanya japa.

Hapana, umesikiliza. Ni jambo jema, lakini ni jambo jingine.

Dhana: lazima uwe na guru, yaani mwalimu wa kiroho.

Kwa mantra za siri na za mbegu, ndiyo, hupokewa kwa diksha, ibada ambayo guru humpa mwanafunzi mantra. Majina ya Mungu yako wazi kwa yeyote.

Dhana: taa ya samli ibaki ikiwaka.

Chumba chenye chandarua na moto wa utambi havipatani. Izime kabla hujapanda kitandani, na desturi ni kutoipuliza kwa mdomo: ipepee kwa mkono au gusa utambi kwa ua bichi. Vijiti vya udi navyo viishie nje ya chumba.