Kwa nini prosesa hupunguza kasi: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Kompyuta ikionyesha kasi ndogo kuliko iliyotangazwa, mnunuzi ameuziwa kitu kibovu.

Aliyenunua kompyuta mpakato ya gigahezi 2.4 (yaani megahezi 2,400, mapigo bilioni 2.4 kwa sekunde) kisha akakuta imeandika megahezi 800 ana haki ya kushtuka, ila alichokiona ni prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, isiyo na kazi kwa wakati huo na iliyojipunguzia kasi ili kuokoa umeme. Akianza kubana mafaili makubwa, tarakimu hiyo itapanda mara moja na pengine kuivuka ile iliyotangazwa, kwani tangu mwaka 2008 kampuni ya Intel imekuwa ikiuza prosesa zinazoweza kuzidi kasi yao ya msingi pale joto na umeme vinaporuhusu. Cha kutiliwa shaka ni kasi inayobaki chini wakati kazi ni nzito, na hapo mshukiwa wa kwanza huwa ni feni iliyojaa vumbi.

Dhana: Umeme huokolewa kwa sababu kasi imepungua, basi.

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na inapotosha kwa kuwa nusu yake ni kweli. Kila transista (swichi ndogo sana ya umeme ndani ya prosesa) inapowashwa na kuzimwa hujaza na kumwaga chaji ndogo ya umeme, na nguvu inayotumika hapo hulingana na kasi ya mapigo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Ukipunguza kasi peke yake hadi nusu, wati zitapungua kwa nusu, lakini kazi ileile itachukua muda maradufu, na betri haitakuwa imeokoa chochote. Faida huja pale volteji nayo inaposhushwa, jambo ambalo haliwezekani kasi ikiwa juu, kwa sababu volteji ndogo huzifanya transista zichelewe kubadilika na pigo linalofuata likazikuta hazijamaliza.

Mfano mzuri ni Pentium III ya kompyuta mpakato iliyotoka mwaka 2000 ikiwa na teknolojia ya SpeedStep. Ikiwa kwenye umeme wa ukutani ilikwenda megahezi 650 kwa volti 1.6, ikiwa kwenye betri, megahezi 500 kwa volti 1.35. Kasi ilishuka kwa takriban asilimia 23, ilhali nguvu ya kuendesha transista, ukiipigia hesabu kwa kanuni hiyo, ilishuka kwa takriban asilimia 45. Hata baada ya kuhesabu muda ulioongezeka, kila kazi iligharimu nishati pungufu kwa karibu asilimia 29, na punguzo hilo lote limetokana na volteji.

Dhana: Kuifungia prosesa kwenye kasi ya chini kabisa ndiyo njia bora ya kutunza betri.

Si lazima. Transista huvujisha umeme hata zisipofanya kazi, na wakati prosesa inajikongoja, kioo na kumbukumbu vinaendelea kula chaji. Volteji ikishafika kikomo cha chini, kuendelea kupunguza kasi ni hasara tupu, na mara nyingi inafaa zaidi kumaliza kazi upesi ili viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi, vizimwe na kulala. Watumiaji wa mfumo endeshi wa Linux hukanganywa zaidi na mpangilio uitwao powersave: kwa kawaida huibana prosesa kwenye kasi yake ya chini, lakini chini ya intel_pstate, kiendeshi (programu inayosimamia kasi ya prosesa za Intel) kinapojiamulia chenyewe, jina hilohilo huruhusu kasi kupanda na kushuka kulingana na kazi. Anayefuata maelekezo bila kuangalia kiendeshi chake anaweza kupata kinyume cha alichotarajia.

Dhana: Kupandisha na kushusha kasi kila mara kunaichosha prosesa.

Hakuna kipande kinachosogea humo. Kinachoizeesha prosesa ni joto na volteji kubwa ya muda mrefu, vitu viwili ambavyo utaratibu huu huvipunguza. Tangu kizazi cha prosesa kiitwacho Skylake cha mwaka 2015, Intel imeziwezesha prosesa zake kujichagulia kasi zenyewe, kwa kuwa mfumo endeshi huchelewa kugundua kwamba kazi imeongezeka.