Kura ya tokeni zako anayo nani? Kisa cha Steem na Hive

Kikundi cha akiba cha mama, kule Bombo, kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Siku ya mkutano, mmoja akichelewa, wote wanakaa mkekani wakimsubiri. Nikifundisha habari za blokucheni, yaani daftari la pamoja linaloandikwa na kompyuta nyingi, huwa naanzia hapo, maana wanafunzi wangu wa Kampala wanalijua sanduku hilo kuliko neno lolote la kompyuta. Na ugomvi wa Steem, ambao hadi leo naulizwa, ulikuwa ugomvi wa funguo.

Steem, mtandao wa kijamii juu ya blokucheni, ilianza Machi 2016. Unaandika, watu wanakupigia kura, mfumo unakulipa kwa tokeni, yaani sarafu zake za kidijitali. Mimi niliingia 2017. Julai ya mwaka uliofuata serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, marafiki kadhaa wakanifuata huko wakidhani wamepata pa kukimbilia. (Hawakupata. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima siku za uchaguzi, tulikaa gizani sawa na wengine. Anayekuuzia blokucheni kuwa dawa ya kuzimiwa intaneti anakuibia.)

Daftari la Steem linaandikwa na seva 21 kwa zamu, bloku moja, yaani ukurasa mmoja, kila sekunde 3. Wenye seva wanaitwa mashahidi: 20 wa juu wanachaguliwa kwa kura, na nafasi ya 21 inazunguka kwa wale wa akiba. Kanuni ya mtandao haibadiliki mpaka 17 kati yao wakubali. Hizo ndizo kufuli.

Sasa njoo kwenye kura. Uchaguzi wa LC1, baraza la kijiji, wa 2018 tulipanga mstari nyuma ya mgombea, kila mtu na miguu yake miwili. Kwenye Steem kura ina uzito wa tokeni ulizozifungia, yaani ulizoziweka usiweze kuzitoa mara moja, na unaruhusiwa kuchagua mashahidi hadi 30. Uzito huo haugawanywi. Mwenye tokeni 1,000 anampa kila mmoja wa hao 30 elfu nzima, kama mtu anayesimama kwenye mistari 30 kwa mpigo. Kaa na hesabu hiyo kidogo. Mtu akiwazidi wapinzani wake wote kwa kiasi kidogo tu, hapati viti 11 kati ya 20. Anazoa vyote.

Tulilijua hilo tangu mwanzo, tukanyamaza, kwa sababu mwenye mzigo mkubwa kuliko wote alikuwa Steemit yenyewe, kampuni iliyoianzisha Steem, na ilikuwa imeahidi kutoutumia kupiga kura. Tokeni hizo ilijichimbia siku za mwanzo kabisa, kabla watu hawajafika, ikasema ni za kuukuza mtandao. Ahadi ilikuwa ya mdomo. Ndani ya programu haikuwemo.

Februari 14, 2020 ikatangazwa kwamba Justin Sun, mwanzilishi wa blokucheni nyingine iitwayo TRON, ameinunua kampuni, mzigo na vyote. Mashahidi wakaingiwa na baridi. Mwezi haujaisha, wakaweka toleo 22.2 la programu, lililozizuia tokeni za kampuni zisipige kura wala kuhama. Wengi husimulia kisa hiki wakianza na ubaya wa Sun. Mimi naona mwiko ulivunjwa hapa: watu wachache walikubaliana kuifunga mali ya mwenzao kwa kosa ambalo bado hajalitenda.

Jibu lilikuja Machi 2. Masoko matatu ya sarafu, Binance, Huobi na Poloniex, yalizifungia tokeni zilizowekwa na wateja na kuzipigia kura upande wa Sun. Nilikuwa Kisenyi, chai imepoa, nafungua upya ukurasa wa mashahidi kila dakika. Majina niliyoyazoea miaka mitatu yanashuka moja moja, yanapanda majina ambayo sijawahi kuyaona. Mpaka viti vyote 20 vikabadilika. Kwa lugha ya Bombo: yule anayelaza sanduku amezihesabu pesa za wenzake kuwa zake. Na ukishazifungia tokeni, kuzifungua kunachukua wiki 13, kipande kila wiki, mteja mwenyewe akisubiri. Changpeng Zhao wa Binance alijieleza kwamba walidhani ni masasisho ya kawaida. Binance na Huobi wakaziondoa kura zao.

Nami sikuwa msafi. Siku hiyo ndipo nilipokagua kura zangu na kukuta mashahidi wawili niliowachagua 2017 walikwisha kuzima seva zao zamani. Nilikuwa nimepiga kura nikasahau, nikaja kulalamika kwamba demokrasia imeibiwa.

Baada ya hapo viti vikawa vya kugombaniwa, na hakuna upande uliofikisha 17. Machi 20, saa 11 jioni kwa saa za Kampala, jumuiya iliyompinga Sun ikahama na nakala ya daftari lote: machapisho, akaunti, salio. Ikajiita Hive. Kila mtu alipewa upya kile alichokuwa nacho Steem, isipokuwa kampuni ya Sun na baadhi ya waliowapigia kura mashahidi wake. Hao wengine walinyimwa kwa sababu ya kura, na mpaka leo sijasikia utetezi wa jambo hilo ulioniridhisha. Mei upande wa pili, uliobaki Steem, nao ukatwaa tokeni milioni 23.6 kutoka akaunti 64 za wapinzani, kama dola milioni 5 wakati ule. Ndugu wakigawana shamba kwa hasira, hata mpaka wa mihogo unahama.

Kilichonivutia kama fundi ni marekebisho madogo. Hive wakaweka kwamba tokeni zikifungiwa leo, kura yake haihesabiwi mpaka siku 30 zipite, kwa hiyo uvamizi wa usiku mmoja unaonekana mwezi mzima kabla haujafika. Baadaye wakaongeza kwamba kura ya mtu asiyejishughulisha na uchaguzi kwa mwaka mzima inafutika. Hiyo ya pili ilikuwa dawa yangu mimi. Hesabu ya kusimama kwenye mistari 30 hawakuigusa.

Tokeni zangu za Steem nilizifungua kwa zile wiki 13. Za Hive bado ninazo, na nywila ni ileile niliyoiandika kwenye daftari la shule 2017. Juzi mwanafunzi mmoja alinyoosha kidole kwenye skrini: "Mwalimu, kama hii ni Hive, mbona ufunguo wa hadharani unaanza na STM?" Ufunguo wa hadharani ni msimbo wa akaunti unaoonekana na kila mtu, na hizo ni herufi za Steem. Walipohama hawakuzibadilisha.