Unasubiri majibu ya uvimbe wa titi? Mambo tunayotishana nayo na ukweli wake

Kipindi nasubiri majibu yangu simu ilikuwa haitoki mkononi, naenda kuoga naiweka pembeni ya sinki, ikiingia namba nisiyoijua tumbo linavurugika, napokea kumbe mtu kakosea namba. Na katikati ya hayo kila uliyemgusia ana lake la kukuambia. Mengi niliyoambiwa yalikuwa uongo, tena uongo wa kukunyima usingizi.

"Majibu yakichelewa ujue washaona kansa." Hili ndo lilinimaliza kabisa, siku ya sita mtu ananiambia mbona kimya, ingekuwa nzuri si wangeshakupigia. Jamani. Kile kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe wanachokitoa kukipima, wakishakitoa hakiendi moja kwa moja kwenye darubini, kinalazwa kwanza kwenye fomalini kwa saa kadhaa ili kisiharibike, halafu kinakaushwa maji na kuzamishwa kwenye nta, ikiganda ndo kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vinapakwa rangi, ndo daktari wa patholojia akae aangalie. Akiona kitu hakijakaa sawa anaomba rangi nyingine za ziada au anamwita mwenzake naye aangalie, na hiyo ni siku zingine. Na wakati mwingine anaomba hizo za ziada kwa sababu kinaonekana si kansa, ila anataka awe na uhakika kabla hajasaini. Hapo bado hujahesabu karatasi iliyolala mezani kwa mtu! Kwa hiyo kuchelewa hakukwambii lolote.

Ila na upande wa pili usidanganyike, kuna wanaosema "wakikaa kimya basi mzima wewe." Hapana. Karatasi zinapotea, namba ya simu inaandikwa vibaya. Siku ile unatolewa kinyama uliza kabisa majibu yanatoka lini, nani atakupigia, na ukiona kimya umpigie nani. Tarehe ikipita, piga wewe, usione aibu.

"Uvimbe kwenye titi ni kansa tu, nini tena." Vimbe nyingi za matiti wala si kansa. Kuna faibroadenoma, hizo zinateleza ukizigusa na wasichana wengi wanazo, kuna sisti ambazo ni vifuko vya maji, kuna majipu kwa anayenyonyesha, hata mafuta ya titi yakiharibika baada ya kugongwa yanaweza kufanya donge gumu la kutisha. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kwa kidole, na daktari mzoefu naye hawezi kumaliza kwa kidole, ndo maana kuna kushikwa, kuna picha za mashine kama ultrasound au mamogramu, na ikibidi kuna sindano ya kutoa kinyama. Na ile ya "ukiuma si kansa" pia iacheni, kansa nyingi zinaanza bila maumivu ni kweli lakini zipo zinazouma.

Halafu acha kuubonyeza. Mimi nilikuwa naubonyeza asubuhi, mchana nikiwa chooni, usiku kitandani, mwisho titi likaanza kuuma na mimi nikasema basi, umekua. Kumbe vidole vyangu mwenyewe.

"Ukichomwa sindano unaichokoza inasambaa." Hii inawafanya watu wakimbie kipimo, wanarudi baadaye sana, halafu sindano ndo inasingiziwa. Kuchukua kinyama kwa sindano hakugeuzi uvimbe wa kawaida kuwa kansa, na ni kawaida kabisa duniani kufanya hivyo kabla ya upasuaji, ili daktari ajue anakwenda kutoa nini. Unapigwa ganzi, kile kifaa kinalia ta! kama stepla, hapo lazima ushtuke hata kama wamekuonya, halafu unabaki na alama ya damu kuvilia siku kadhaa.

"Nimeitwa kurudia picha, basi wamekuta kitu." Labda, au labda picha haikutosha tu. Kwenye ripoti za picha za matiti kuna namba za BI-RADS, zinazoonyesha shaka ya kansa ni kubwa kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 6, na 0 maana yake hawajaweza kuamua, wanataka picha zaidi. 3 maana yake uwezekano wa kansa hauzidi asilimia 2, kwa kawaida unaambiwa urudi baada ya miezi 6 hivi. 4 ni pana mno, kuanzia juu kidogo ya asilimia 2 mpaka 95, sasa wewe umeona 4 saa tisa usiku umekimbilia intaneti unasoma habari za mtu wa 95, mwili wote unatetemeka bure.

"Ukiwaza kansa unajiletea kansa." Mimi hii huwa inanikera. Kilichomo kwenye kile kinyama kilikuwepo kabla hujaanza kuwaza, ukilia hakibadiliki, ukicheka hakibadiliki. Lia. Ila chagua mtu mmoja wa kumwambia kila kitu, na huyo huyo awajibu wengine wanaouliza "vipi, majibu?", kwa sababu hilo swali mara kumi kwa siku linachosha kuliko uvimbe wenyewe.

Kuhusu muda, wiki mbili tatu za kusubiri kwa kawaida hazibadilishi matibabu, kinachoumiza ni miezi. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la siku 60 tangu mtu afike hospitali na dalili mpaka ajue ana nini. Lakini titi likiwa jekundu, la moto, linavimba haraka au una homa, hapo hungoji tarehe ya majibu, unarudi siku hiyo hiyo.

Na "kwetu hakuna kansa" haikulindi, wengi wanaougua hawana ndugu aliyewahi kuugua. Wanaume nao wanaugua, wachache tu.

Siku ya majibu nenda na mtu, kichwa chako hakitasikia nusu ya maneno, na uombe nakala ya ripoti. Wakikwambia si kansa, kabla hujaruka ruka uliza swali moja: hiki kilichoonekana kwenye darubini kinaendana na kilichoonekana kwenye picha? Kwa sababu visipoendana huwa wanachukua kinyama upya, na ni bora ulisikie hilo hapo hapo ukiwa bado umekaa kwenye kiti kuliko kupigiwa simu wiki inayofuata.