Gemu inaanza vizuri, dakika kumi baadaye inakwama

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea laptopu yake akiwa amekata tamaa. "Fundi, nimeongeza kipande cha pili cha ramu, kutoka GB 8 hadi 16, bado gemu ya GTA V inakwama." Nikamuuliza: inakwama tangu unapoiwasha au baadaye? Akafikiri kidogo. "Mwanzo inateleza tu. Baada ya dakika kumi hivi ndiyo balaa."

Hapo nikajua pa kuanzia. Gemu iliyoizidi mashine nguvu hukwama tangu mwanzo. Ikianza vizuri kisha ikazorota, mimi hushuku joto kwanza.

Tukaweka MSI Afterburner, programu ya bure inayoonyesha namba kwenye kona ya skrini huku unacheza. Ilianza na fremu (picha zinazopita kwenye skrini) 60 kwa sekunde, kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, gigahazi 3.9. Dakika ya nane joto likafika nyuzi 97, na papo hapo kasi ikaporomoka hadi 1.8, fremu 24. Prosesa ilikuwa inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Ukishusha ubora wa picha hapo, unapata nafuu ya muda tu.

Nikafungua kifuniko cha chini. Feni ilikuwa inazunguka vizuri, ndiyo maana mwenyewe hakushuku kitu. Lakini kati ya feni na mapezi ya kupoozea (vibati vyembamba vya kutoa joto), vumbi lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi. Nikaling'oa lote kwa kibano. Pesti iliyo juu ya prosesa, ile inayosaidia joto lake litoke, ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa. Nikaifuta kwa spiriti, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. (Ukipuliza vumbi kwa mashine ya upepo, tafadhali shikilia feni isizunguke, utaiua.) Tukacheza nusu saa nzima: joto halikuvuka 82, fremu hazikushuka chini ya 57.

Kama yako inakwama tangu mwanzo na joto liko sawa, hakikisha kwanza chaja imechomekwa, kisha kwenye mipangilio ya gemu shusha resolusheni (wingi wa nukta za picha) kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda, kadi ya grafiki, inayochora picha, ndiyo imezidiwa. Zikibaki palepale, angalia prosesa.

Kijana akaniuliza kama airudishe ile ramu dukani. Nikamwambia aiache: vipande viwili vinavyofanya kazi pamoja hupitisha data haraka kuliko kimoja, na kwenye gemu faida yake inaonekana.