Je, wajua kwa nini pua huziba hata kama haina kamasi?

Mtu mwenye mafua au aleji hupenga mpaka masikio yanauma, anaangalia leso, haina kitu, na pua bado imeziba. Wengi huamini kwamba kamasi imeganda huko juu na inasubiri dawa ya kuikausha. Ndiyo maana kwenye maduka ya dawa ya Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, ombi huwa lilelile: “Naomba dawa ya kukausha mafua.” Lakini pua iliyoziba namna hiyo mara nyingi imezibwa na damu. Haitoki nje, imejaa ndani ya nyama za pua zenyewe.

Kila upande wa pua una mikunjo mitatu ya mfupa mwembamba, imefunikwa na nyama laini. Ndani ya nyama hiyo, hasa kwenye mkunjo wa chini, kuna vishipa vingi vinavyoweza kujaa damu na kupungua tena kwa muda mfupi. Kazi yake ni kuipasha hewa joto na kuipa unyevu kabla haijafika mapafuni. Vikijaa kupita kiasi, nyama inavimba na njia ya hewa inabaki nyembamba mno.

Fikiria mlango wa mbao wakati wa masika. Umenyonya unyevu, umevimba, haufunguki. Hata ukifagia kizingiti kutwa nzima utabaki umekwama, kwa sababu hakuna kitu kilichoingia katikati. Ubao wenyewe ndio ulionenepa. Kupenga ni kufagia kizingiti. Kunaondoa kamasi iliyopo, na mwenye mafua kweli anayo, lakini hakupunguzi unene wa mlango. Ukipenga kwa nguvu zaidi, unachoongeza ni shinikizo la kuumiza masikio.

Anayetilia shaka ajipime sasa hivi. Ziba tundu moja la pua kwa kidole, vuta hewa kwa lingine, kisha badilisha. Kwa watu wengi upande mmoja huwa mwepesi kuliko mwenzake hata bila mafua, na baada ya saa chache pande hizo hupokezana. Daktari Mjerumani Richard Kayser aliueleza mzunguko huu mwaka 1895, na inashangaza kwamba jambo linalotokea usoni petu kila siku linajulikana na wachache hivi. Ukilala ubavu, tundu la chini huelekea kuziba. Ukigeuka, zamu inahama. Na mtu anayekimbilia kivuko pale Kamanga, pua yake hufunguka njiani, kwa kuwa mwili ukiwa mbioni hutoa kemikali zinazobana mishipa ya damu ya pua. Kamasi iliyoganda haiwezi kueleza hayo yote.

Kwa mwenye aleji, kinachoijaza mishipa hiyo ni histamini, kemikali inayomwagwa na seli za kinga zinapokutana na kitu ambacho mwili umekihesabu kuwa adui: vumbi la nyumbani, chavua, manyoya ya paka. Sisi wa kando ya ziwa tuna cha ziada, yale mawingu ya wadudu wadogo wanaoibuka majini na kurundikana chini ya taa za barazani. Huko Sudan, kando ya Mto Nile, ndugu zao wasiouma wamethibitika kuleta aleji ya pua na pumu. Haimaanishi kwamba kila anayepiga chafya wadudu wakitanda Mwanza ana aleji nao. Hewa iliyojaa vipande vya mabawa inaweza kumkera yeyote.

Histamini hufanya mambo mawili puani. Inachokoza neva, ndipo muwasho, chafya na kamasi ya maji vinapokuja. Na inalegeza mishipa ya damu, ndipo pua inapovimba. Vidonge vya mchanganyiko, ambavyo mara nyingi ndivyo hiyo “dawa ya kukausha mafua,” vinafuata mgawanyo huo. Dawa ya kwanza iliyomo huzuia histamini: klorfeniramini, ambayo wengi huiita piritoni, au setirizini, au loratadini. Inasaidia sana kwa muwasho na chafya, ila kwa pua iliyoziba nguvu yake ni ndogo. Dawa ya pili, sudoefedrini au fenilefrini, hubana mishipa. Hiyo ndiyo ya mlango uliovimba.

Usingizi unaokuja baada ya kumeza piritoni huchukuliwa kuwa dalili kwamba dawa imeshika. Hauhusiani na pua hata kidogo. Ubongo hutumia histamini kukaa macho, na klorfeniramini hupenya mpaka ubongoni na kuizuia huko pia. Setirizini na loratadini hupenya kidogo tu, na bado zinatuliza chafya. Tena klorfeniramini haiondoki haraka: kwa mtu mzima, karibu nusu yake inaweza kuwa bado imo mwilini baada ya saa 20. Kwa hiyo dereva wa bodaboda aliyeimeza usiku asijihesabu mzima alfajiri. Na mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani wakati wa giza asiimeze kabla ya kupanda mtumbwi. Kule ni kukesha, na anayesinzia ukingoni mwa mtumbwi anaweza asionekane alipoangukia. Pombe huuzidisha usingizi huo.

Dawa ya pili ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Kidonge hakina njia ya kwenda puani peke yake. Kikishamezwa, dawa inaingia kwenye damu na kubana mishipa kote inakopita. Ni kuzikausha mbao zote za nyumba, paa na nguzo, ili mlango mmoja ufunguke. Mishipa ikibanwa, presha inapanda na moyo unaenda mbio. Kwa mtu mwenye afya ongezeko hilo ni dogo: uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta sudoefedrini inapandisha namba ya juu ya kipimo cha presha kwa wastani wa milimita 1 hivi ya zebaki. Lakini huo ni wastani, na wapo wanaopanda zaidi. Wala haumsemei mtu ambaye presha yake haijadhibitiwa. Mwanzoni mwa 2024 wakala wa dawa wa Ulaya ulihitimisha kwamba sudoefedrini isitumiwe na mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo, kwa sababu ya matukio machache ya mishipa ya ubongo kubana kwa hatari. Na wengi wetu hatujapima presha kwa muda mrefu.

Fenilefrini nayo ina kisa chake. Ikipuliziwa puani inabana vizuri. Ikimezwa, sehemu kubwa huvunjwavunjwa kwenye ukuta wa utumbo na ini kabla haijafika inakotakiwa. Septemba 2023 wajumbe wote 16 wa kamati ya ushauri ya mamlaka ya dawa ya Marekani walikubaliana kwamba ikimezwa kwa dozi ya kawaida haizibui pua, na Novemba 2024 mamlaka hiyo ikapendekeza iondolewe kwenye dawa za kumeza zinazouzwa bila cheti cha daktari. Bado imo kwenye vidonge vingi vya mafua, na udhaifu wake puani haumpi mwenye presha ruhusa ya kuimeza ovyo.

Tatizo ni kwamba mnunuzi mara nyingi hayaoni majina haya. Muuzaji anakata karatasi ya vidonge kwa mkasi, anatia vichache kwenye bahasha ndogo, anaandika 2×3 kwa kalamu, na kipande chenye jina la dawa kinabaki dukani. Nyumbani, bahasha hiyo inakutana na parasetamo ya homa. Vidonge vingi vya mafua tayari vina parasetamo miligramu 500 kila kimoja, na mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya aina zote kwa jumla. Ini likiumia, siku ya kwanza mtu anaweza asihisi chochote.

Omba kuiona pakiti kabla haijakatwa. Muuzaji akiuliza, “Mama, presha unayo?” anafanya kazi yake. Asipouliza, mwambie mwenyewe: presha, moyo, glaukoma (presha ya jicho), tezi dume, ujauzito, dawa za sonona. Mwenye presha anayesumbuliwa na muwasho na chafya anaweza kuomba dawa ya kuzuia histamini peke yake.

Watoto wadogo wasipewe mchanganyiko huu; Uingereza ilizuia dawa za namna hii kwa walio chini ya miaka 6 tangu 2009. Matone ya maji ya chumvi husaidia, mradi maji yamechemshwa na kupoa. Maji ya ziwani yasiingizwe puani bila kuchemshwa. Dawa za kupulizia zinazobana mishipa hufanya kazi palepale, lakini zikizidi siku 3 hadi 5 pua huziba upya kila nguvu yake inapoisha.

Na kama pua imeziba upande mmoja tu, uleule wiki hadi wiki, bila kupokezana na mwenzake, hasa ikitoa damu, usiitafutie kidonge. Nenda ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo.