Wamaya hawakupotea: tunayokosea kuhusu magofu na senote za Yucatán

Ni saa moja kasoro robo asubuhi mjini Valladolid, mashariki mwa jimbo la Yucatán nchini Meksiko. Tuko watu tisa ndani ya basi dogo. Tunakwenda kwanza Chichén Itzá kutazama magofu ya mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa asili wa eneo hili, halafu kuogelea kwenye senote, shimo la asili lenye maji ya chini ya ardhi. Kabla gari halijawashwa, simu ya mwongoza watalii wetu inaita. Anapokea, anaongea kidogo kwa lugha yenye sauti za kukatia kooni, anacheka, anaaga. Abiria mmoja nyuma yangu anamuuliza, kwa nia njema kabisa: "Hivi Wamaya walipotelea wapi?"

Kijana anageuka. "Nilikuwa naongea na mama," anasema. "Alitaka kujua kama nimekula."

Basi lote likanyamaza. Nimeandika haya kwa sababu ya ukimya ule. Watu wengi, nikiwemo mimi kabla ya safari ile, huenda Yucatán wakiamini wanazuru makaburi ya taifa lililokwisha. Kumbe wanaingia uani kwa watu.

"Wamaya walitoweka ghafla"

Kilichotokea ni kwamba kati ya karne ya 8 na ya 10, miji mikubwa ya nyanda za kusini, kama Tikal na Palenque, ilipungua watu hadi ikahamwa. Ukame wa mara kwa mara ulichangia, na vita kati ya falme vilichangia. Watu walihama, na miji mingine ikainuka. Chichén Itzá yenyewe ilinawiri wakati kusini kunazidi kudhoofika. Wahispania walipokuja katika karne ya 16 waliwakuta Wamaya wapo, na waliwapiga vita muda mrefu sana: ufalme wa mwisho, Nojpetén, katika nchi ambayo leo ni Guatemala, haukuanguka hadi mwaka 1697. Na mwaka 1847 Wamaya wa Yucatán waliinuka tena kwa silaha, vita vilivyodumu zaidi ya miaka hamsini.

Leo Wamaya ni mamilioni, katika Meksiko, Guatemala, Belize na Honduras. Lugha za jamii ya Kimaya zinazosemwa hadi sasa ni kama 30. Kimaya cha Yucatán peke yake kilikuwa na wasemaji zaidi ya 770,000 katika sensa ya Meksiko ya mwaka 2020. Kwa hiyo mwongozaji akikwambia "babu zangu walijenga hapa", msikilize. Hajakariri maneno ya biashara.

"Hawangeweza kujenga wenyewe"

Utasikia Wamisri wa kale, utasikia viumbe wa anga za juu. Dhana hii inanichoma kwa namna ya pekee, maana sisi wa pwani tumeishi nayo. Watu walisimama mbele ya msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, au katikati ya kuta za Gede, wakasema haiwezekani, lazima ni kazi ya wageni. Mawe yalikuwa ya matumbawe ya hapa hapa, chokaa ilichomwa hapa hapa, na mafundi walikuwa wa hapa hapa.

Yucatán ni hivyo hivyo. Rasi nzima ile imelalia mawe ya chokaa. Wamaya waliyachonga kwa zana za mawe, bila chuma, bila farasi wala ng'ombe wa kukokota mizigo. Mawe mengine waliyachoma, wakapata chokaa ya kujengea na kupakia kuta. Waliandika pia majina ya wafalme wao na tarehe za vita vyao. Maandishi yale yalionekana fumbo hadi mwaka 1952, pale msomi wa Kisovieti Yuri Knorozov alipoonyesha kwamba alama nyingi husimamia silabi. Tangu hapo mawe yameanza kujisemea.

Piramidi kuu ya Chichén Itzá, inayoitwa El Castillo, ina ngazi pande nne. Kila upande una vidato 91; ukijumlisha na jukwaa la juu unapata 365, siku za mwaka. Katika siku za Machi na Septemba ambapo usiku na mchana hulingana, jua la alasiri hutupa kivuli cha pembetatu kwenye ukingo wa ngazi ya kaskazini, kikateremka hadi kwenye kichwa cha nyoka kilichochongwa chini. Waliopanga hivi walikuwa wakitazama anga kizazi hadi kizazi.

Na ile habari ya kwamba Wamaya walitabiri mwisho wa dunia mwaka 2012? Kipindi kimoja cha kalenda yao kilifika ukomo, kingine kikaanza. Huko Palenque kuna andiko linalotaja tarehe ya mwaka 4772.

"Nitapanda hadi juu nipige picha"

El Castillo haipandwi, na marufuku hiyo ina miaka mingi sasa. Vidato ni vyembamba na wima, watu wameanguka, na nyayo za mamilioni zinakula jiwe. Kwenye magofu mengine ya Yucatán kanuni hubadilika, hivyo uliza kabla ya kulipa ikiwa kupanda ndiko kunakokupeleka. Mimi nilifurahia kubaki chini. Mwongozaji wetu alitusimamisha mbele ya ngazi, akapiga kofi moja, na mwangwi ukarudi kama mlio mkali wa ndege. Wanasema ni mlio wa ketsali, ndege mtakatifu wa Wamaya. Tulifika lango likifunguliwa saa mbili, kwa hiyo tuliusikia vizuri. Kufikia saa tano mabasi makubwa kutoka Cancún, mji wa hoteli za ufukweni, yalishawasili, na katika kelele zile hakuna ambaye angesikia kitu.

"Senote ni bwawa tu la kuogelea"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makosa yetu yanapoumiza.

Kaskazini mwa Yucatán hakuna mito juu ya ardhi. Mvua ikinyesha huzama moja kwa moja. Maji ya mvua hubeba kaboni dioksidi, yakawa na uchachu kidogo, na uchachu huo kwa maelfu ya miaka umekula mawe ya chokaa hadi yakawa na mapango. Nyakati za barafu, bahari iliposhuka, mapango mengi yalikuwa makavu. Ndiyo maana leo wapiga mbizi hukuta mawe yaliyoning'inia kama mishumaa chini ya maji, ambayo hayawezi kuota isipokuwa hewani. Katika shimo moja liitwalo Hoyo Negro, wapiga mbizi walikuta mwaka 2007 mifupa ya msichana aliyeingia humo yapata miaka 12,000 iliyopita au zaidi. Baadaye bahari ilipanda, mapango yakajaa, na pale paa lilipoporomoka pakabaki jicho la maji. Hilo ndilo senote, kutokana na neno la Kimaya *ts'onot*. Mwenye kulijua pango la Kuza kule Jambiani, Unguja, ana picha ndogo ya jambo hili kichwani.

Wengine huambiwa kila senote ilichimbwa na kimondo kilichoangamiza dainosari. Kimondo kilipiga kweli, Chicxulub, miaka milioni 66 iliyopita, na ukingo wa shimo lake umesaidia kupanga senote nyingi za magharibi kama pete. Za Valladolid na za Tulum, mji wa pwani ya mashariki, ziko nje ya pete hiyo. Kilichozitoboa ni maji.

Sasa shika hili: mashimo haya yameunganika kwa chini. Mfumo wa mapango ya Sac Actun, karibu na Tulum, ulipimwa mwaka 2018 ukafikia kilomita 347. Maji yanayopita humo ndiyo visima vya vijiji huteka, na ndiyo hatimaye huingia baharini kwenye matumbawe. Kwa hiyo unapoambiwa uoge kwenye bomba kabla ya kushuka, na usijipake losheni ya jua wala dawa ya mbu, wewe huonewi. Utakachoacha majini kitanywewa na mtu. Nilimwona mama mmoja akigombana na mlinzi kwa ajili ya losheni, akisema imeandikwa "rafiki wa mazingira". Mlinzi hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole kuelekea nyumba zilizo nyuma ya miti, akasema: "Kisima chetu kile pale." Mama akaenda kuoga.

"Mabikira walitupwa humo"

Senote Takatifu ya Chichén Itzá haiogelewi. Unaitazama kutoka ukingoni: duara la mita kama 60 upana, maji ya kijani, kimya. Kuanzia mwaka 1904 Mmarekani Edward Thompson alichota tope lake akapata jiwe la jedi, dhahabu, ubani na mifupa, na vitu vingi vikasafirishwa hadi Chuo Kikuu cha Harvard. Hadithi ya mabikira ilishika kasi. Mifupa inasema vingine: walikuwemo wanaume, wanawake na watoto. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza matokeo ya vinasaba vya watoto 64 waliozikwa kwenye birika la chini ya ardhi karibu na senote hiyo; wote walikuwa wavulana, na kati yao walikuwemo jozi mbili za pacha wa kufanana. Kafara ilikuwepo, na inahuzunisha. Lakini senote nyingi kazi yake ilikuwa maji ya kunywa. Jina lenyewe Chichén Itzá maana yake ni mdomo wa kisima cha Waitza, kundi mojawapo la Wamaya.

"Sijui kuogelea, basi hainihusu"

Hili nimelisikia sana kwa ndugu zetu. Senote zilizotengwa kwa wageni huwa na maboya, kamba za kushikilia na ngazi. Nyingine zinalazimisha boya kwa kila mtu. Ik Kil, karibu na Chichén Itzá, maji yako mita 26 chini ya ardhi, unashuka ngazi zilizochongwa kwenye mwamba huku mizizi ya miti ikining'inia kama pazia. Kina kinazidi mita 40, kwa hiyo boya ni la lazima hata kwa mjuzi. Maji ni ya baridi kiasi, nyuzi 24 au 25. Usiruke mahali pasiporuhusiwa, na usiingie kwenye pango lenye giza bila mafunzo ya mbizi za mapangoni. Hapo hata wapiga mbizi wazoefu hufa.

"Kundi dogo ni kulipia ufahari"

Wakati mwingine safari ya bei ya chini huishia kuwa ghali. Uliza kama kiingilio kimo: Chichén Itzá hutozwa ada mbili, ya serikali kuu na ya jimbo. Uliza mtakaa dukani kwa muda gani, maana yapo mabasi yanayokaa muda mrefu zaidi kwenye duka la vinyago kuliko kwenye magofu. Mwombe mwongozaji kitambulisho chake cha Wizara ya Utalii. Uliza pia mnaoga senote ya nani. Nyingi ziko kwenye ardhi ya *ejido*, yaani ya wanakijiji kwa pamoja, na ada ya mlangoni hubaki kijijini. Kundi la watu kumi linaingia kwenye senote ndogo ya namna hiyo bila kuvuruga. Mabasi mawili hayawezi.

Tulikula mchana kwa familia moja jirani na senote. Mama wa nyumba alikuwa akikanda unga wa mahindi na kuugeuza juu ya kikaango cha chuma kwa vidole vitupu. Mahindi hayo yalitoka nchi yao ndipo yakaja kuwa ugali wetu. Kijana wetu alikuwa amenifundisha neno la kushukuru kwa Kimaya, *Dios bo'otik*, Mungu alipe. Nilipolisema yule mama aliacha unga, akanitazama usoni, akanijibu maneno marefu ambayo sikuelewa hata moja, kisha akaniongezea mkate wa tatu.